Kiti Alichompa Kasyoki

Kama ulijifunza gari pale Hurlingham katika miaka hii ya karibuni, huenda ulipita mikononi mwa Nzembi. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya chini, mpenzi wa raba nyeupe, na alifunga mkanda hata kabla hajaketi vizuri. Wanafunzi walimwita Mwalimu. Waliomzoea walimwita Mama Kasiva, kwa jina la bintiye wa pekee. Hakuwa mtu wa kufoka. Ukikosea gia alinyamaza tu mpaka gari lizime lenyewe, kisha akasema, "Sawa. Washa tena."

Alikulia Kilungu, huko Ukambani, kwenye milima yenye kona zisizosamehe. Baba yake aliendesha lori la mchanga, na kila aliporudi salama mama yake alitoka nje akalipapasa lori lile ubavuni, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyepotea akaonekana. Pengine ndipo Nzembi alipojifunza kwamba gari si kitu cha mchezo. Alipokuja Nairobi alianza kwa kufagia ofisi ya shule ya udereva, akajifunza gari akiwa pale pale, na baada ya miaka mingi akawa ndiye anayewaketisha wanafunzi wapya mbele ya ile meza iliyochorwa mji mdogo, akiwasogezea vigari vya kuchezea na kuwauliza nani apite kwanza.

Miaka hiyo ilimfundisha mambo ambayo hayakuandikwa kwenye kitabu chochote cha sheria za barabarani. Wanawake walikuja, swali lao la kwanza likiwa, "Mwalimu, na nikigonga mtu?" Wanaume wengi walikuja wakiwa tayari wanaendesha, wanachotaka ni leseni tu, na swali lao lilikuwa, "Mtihani ni lini?" Nzembi alikuwa na msemo wake juu ya jambo hilo: mwanamke huja akiogopa kuua, mwanamume huja akiogopa kuchekwa. Na kila alipofika kwenye somo la pombe, aliwageukia wanawake darasani akawaambia, "Bwana akilewa, mnyime ufunguo. Agombe, anune, akuite majina. Kesho atakuwa hai wa kununa."

Walicheka. Naye akacheka nao. Lakini nyumbani kwake Uthiru mambo yalikuwa mengine. Nusu ya watu wa Hurlingham walikuwa wamefundishwa na Nzembi, ila katika gari la mumewe, Ndeti, yeye alikuwa abiria.

Si kwamba Ndeti alikuwa mtu mbaya. Alikuwa wakala wa kuuza vifaa vya ujenzi, mcheshi, mkarimu, baba anayempigia pasi binti yake sare za shule. Shida yake ilikuwa chupa za mwisho wa wiki, na aibu. Hakutaka kuonekana akiendeshwa na mke. Akilewa, Nzembi aliketi kiti cha kushoto, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu pale ambapo kwenye gari la shule huwa pana breki ya mwalimu. Walifika. Kila mara walifika. Na kufika huko ndiko kulikomlaza usingizi.

Jumamosi moja walialikwa Mutuini. Kiarie, rafiki yake Ndeti wa kazini, alikuwa amemaliza kujenga nyumba za kupangisha kwenye shamba la marehemu babake, na aliwaita watu wazibariki. Kasisi aliomba asubuhi, akanyunyiza maji milangoni, akala, akaenda zake. Baada ya hapo nyama ziligeuzwa na kreti za bia zikafunguliwa. Ndeti alipovua koti ili asaidie kukata mbuzi, alimpa mkewe ufunguo wa gari amwekee. Nzembi akautia kwenye mkoba.

Alasiri jua lilipoanza kulegea, Ndeti alikuwa amelewa. Hakuwa wa kuyumba. Alikuwa mlevi wa kuongea polepole na kuchagua maneno, na huyo ndiye wa kuogopwa, kwa sababu hujiona mzima. Alimfuata mkewe jikoni alikokuwa akisaidiana na Wangeci, mke wa Kiarie.

"Mama Kasiva, twende. Leta ufunguo."

"Nitaendesha mimi leo," Nzembi alisema.

Aliyasema kwa sauti ya chini, lakini kulikuwa na wanaume mlangoni waliokuja kutafuta barafu. Mmoja akapiga mbinja.

"Ndeti, kumbe umekaliwa hivi? Bibi ndiye dere?"

"Mwalimu, usisahau kumwekea ile alama ya L!" akadakia mwingine, na jiko zima likaangua kicheko. Hata Wangeci alicheka, akiwa hana nia mbaya.

Ndeti alitabasamu, ila macho yake hayakutabasamu. Akamsogelea mkewe, akamnong'oneza kwa upole uliomuumiza kuliko kelele, "Tafadhali. Usiniaibishe mbele ya watu. Ni hapo tu Uthiru."

Nzembi aliwatazama wale wanaume mlangoni. Akafungua mkoba, akautoa ufunguo, akaudondosha kwenye kiganja cha mumewe. Ikawa hivyo tu. Hakupigwa, hakutishwa, hakunyang'anywa.

Walipofika kwenye gari, kiburi chake au hofu yake, hata leo hajui kilikuwa kipi, kilimpanda. Hakutaka tena kukanyaga sakafu isiyo na breki. Akasema, "Tangulia. Mimi nabaki kumsaidia Wangeci kuosha vyombo. Nitapata gari la kunileta."

"Sawa," Ndeti akasema, na akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Wakati huo huo Kasyoki akatokea langoni, begi lake begani. Kasyoki alikuwa binamu yake Ndeti, mtunza bustani katika boma moja huko Loresho. Mkewe, Kavindu, na watoto wao walipanga chumba Mutuini, naye alikuwa akija kuwaona mwisho wa wiki na kurudi kazini. Hakuwa amekunywa. Tangu aokoke hakuwa akigusa hata pombe ya muratina. Alikuwa amesikia Ndeti yuko kwa Kiarie, akaja kuomba lifti.

"Shemeji, kuna nafasi?" alimuuliza Nzembi, si Ndeti.

Baadaye Nzembi angeukumbuka muda ule mfupi zaidi ya alivyoikumbuka harusi yake. Kasyoki amesimama, anasubiri jibu, kofia mkononi. Angeweza kumvuta kando. Angeweza kusema, "Amelewa, usipande." Maneno mawili. Lakini wanaume walikuwa bado wanaangalia kutoka barazani, na yeye alikuwa amechoka kuchekwa.

"Ipo," akasema. "Panda mbele, shemeji. Keti hapo kwangu."

Kasyoki akamshukuru. Akaketi, akafunga mlango taratibu, kama anavyofanya mtu asiye na gari. Wakaondoka.

Sahani hazikuwa zimekwisha simu ilipolia. Kwenye mteremko baada ya Dagoretti Market, gari la Ndeti lilikuwa limejipachika nyuma ya lori la mawe lililoegeshwa kando ya barabara. Upande wa kushoto wote ulikuwa umeingia chini ya bodi ya lori. Wenye bodaboda waliwatoa wote wawili na kuwakimbiza hospitali. Kasyoki hakufika akiwa hai.

Nzembi alimkuta Ndeti kwenye wodi ya wanaume, mguu umening'inizwa, uso umevimba. Wodi ilikuwa imejaa. Kila kitanda mwanamume, na kando ya vitanda vingi mwanamke ameketi na mfuko wa nailoni mapajani, ndani yake mna uji, kandambili na shuka. Muuguzi mzee aliyekuwa akibadilisha dripu alimwona akitazama, akasema bila kuinua kichwa, "Mwisho wa wiki ndivyo hapa huwa, mama. Wanaume wanalala, wanawake wanakaa."

Ndeti alipofungua macho alianza kulia. "Nilifumba jicho kidogo tu," akasema. "Kidogo tu, Mama Kasiva. Kasyoki aliniita jina. Nikafungua, lori hili hapa." Kisha akauliza, "Yuko wapi?"

Nzembi alimwambia. Ndeti aligeuza uso ukutani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima.

Kilonzo, kaka mkubwa wa Ndeti, alifika kesho yake akiwa na suti ya kanisani. Alikuwa mtu wa kupanga mambo, ndiye aliyewasomesha wadogo zake, na neno lake halikupingwa. Akaomba wabaki watatu, akavuta pazia la kitanda.

"Sikilizeni. Ndeti alikuwa amelewa, kila mtu kwa Kiarie aliona. Hilo halifichiki. Basi tusilifiche. Alikuwa amelewa, akajua amelewa, ndiyo maana walipofika Dagoretti Market akasimama akampa Kasyoki usukani. Waliowatoa garini walishatawanyika, hakuna wa kusema nani aliketi wapi. Kasyoki alikuwa timamu. Anajua kusogeza magari ya mwajiri wake, sivyo?"

"Hana leseni," Nzembi akasema.

"Ndiyo. Ndiyo maana aligonga."

Nje ya pazia mtu alikuwa akikohoa.

"Marehemu hafungwi, shemeji," Kilonzo akaendelea, sasa kwa huruma. "Ndeti akifungwa, Kasiva atakula nini? Hao watoto wa Kasyoki atawasaidia nani? Nataka awe nje ili awalee. Ni upendo huo."

Nzembi alimtazama mumewe. Ndeti hakusema ndiyo, hakusema la. Polisi alipokuja na daftari lake, alieleza kama kaka yake alivyoeleza, macho kwenye dari. Nzembi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na hakufungua kinywa.

Kilichomkata maini ni uzuri wa uongo ule. Ndani yake Ndeti alikuwa mwanamume yule ambaye yeye alimtaka siku zote, anayejua kwamba amelewa na kuutoa usukani kwa aliye timamu.

Walimzika Kasyoki kwao Ukambani. Minong'ono ilifika kaburini kabla ya jeneza. Wazee waliinamiana: kumbe kijana ndiye aliyeendesha? Bila leseni? Amebakiza kidogo amuue ndugu yake! Kavindu alikaa kwenye mkeka, mtoto mgongoni, akisikia yote. Hakubisha. Alirudia tu, kila alipofikiwa na mtu wa kumpa pole, "Lakini mume wangu alikuwa anaogopa kuendesha gari." Watu wakamwitikia kwa kichwa, kama anavyoitikiwa aliyechanganywa na msiba.

Jumapili iliyofuata, kanisani Uthiru, mama mmoja wa kikundi chao alisimama akamwomba Nzembi aje mbele atoe ushuhuda. "Dada yetu angekuwa ndani ya gari lile. Bwana alimbakisha jikoni aoshe vyombo!" Makofi yakapigwa, vigelegele vikapanda. Nzembi alinyanyuka, akafika katikati ya ukumbi, akapindia mlango wa pembeni akatoka. Walidhani amezidiwa na shukrani. Alisimama nyuma ya choo cha kanisa mpaka makofi yakaisha, kisha akaenda nyumbani kwa miguu.

Alirudi kazini kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Mwanafunzi wake wa siku hizo alikuwa Caren, mama kutoka Siaya, karani katika ofisi moja ya jijini, mwenye nia na mwoga wa vilima. Asubuhi moja walitoka Hurlingham, wakashuka na Valley Road kuelekea katikati ya jiji. Magari yalikuwa yamebanana, wakasonga kwa kuvizia, na Caren akapata nafasi ya kuongea.

"Mwalimu, unajua mbona nilianza hii kitu? Ni Maxwell, bwana yangu. Yeye akienda harusi, akienda matanga, lazima akunywe. Nikasema nitapata leseni nikuwe namrudisha nyumbani."

"Vizuri," Nzembi akasema.

"Lakini sasa, akikataa kunipa ufunguo? Ama niwe nayo, halafu aitishe mbele ya marafiki zake? Wewe ungefanya nini?"

Nzembi alifungua kinywa atoe jibu lake la siku zote. Agombe, anune. Halikutoka. Gari la mbele lilisimama ghafla, Caren akachelewa, na Nzembi akakanyaga breki ya mwalimu kwa nguvu iliyowarusha wote wawili kwenye mikanda. Nyuma yao honi zikalia.

"Pole, Mwalimu! Sikuona!"

"Mimi nilimpa," Nzembi akasema.

"Nini?"

"Bwana yangu. Alikuwa amelewa, ufunguo ulikuwa kwangu, nikampa. Mimi sikupanda. Na mtu mwingine alipouliza kama kuna nafasi, nikamwambia ipo."

Taa zikageuka kijani. Caren akaweka gia ya kwanza, akaliondoa gari polepole mpaka chini, bila kulizima.

Jioni ile Nzembi alimkuta Ndeti sebuleni, ameshaletwa nyumbani, magongo yameegemea kochi. Kasiva alikuwa ametumwa dukani. Akamwambia waziwazi, "Kesho nakwenda kituoni kusema ulichoniambia hospitalini. Ukitaka, twende pamoja."

Ndeti aliyasogeza magongo kando. Alipoongea hakupaza sauti.

"Ungeninyima tu ufunguo," alisema. "Mimi nilikuwa mlevi. Wewe ulikuwa timamu. Kati yetu, nani alijua?"

Hakuna kofi ambalo lingempata hivyo. Maana ndilo swali alilokuwa akijiuliza kila alipofumba macho. Aliketi ukingoni mwa meza, akalitazama jambo hilo pande zote. Wanaume wale mlangoni walicheka, wakaenda kwao, wakalala. Hakuna aliyewauliza kitu. Kilonzo alitunga uongo, akaitwa mtu wa busara. Na sasa aliyeendesha alikuwa akimuuliza asiyeendesha mbona hakumzuia. Hata hivyo aliona kuwa Ndeti amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ilikuwa ya Nzembi mwenyewe. Alijua. Alijua kiasi cha kujiokoa mwenyewe.

"Nilijua," akamjibu. "Hilo ni langu, na nitalisema. Lakini macho yaliyofumba yalikuwa yako, Ndeti. Hilo siwezi kukubebea. Na Kasyoki hatalibeba."

Kulipokucha alikwenda peke yake. Alieleza yote: ufunguo, jikoni, kicheko, kiti, na maneno ya wodini. Afisa aliyekuwa akiandika alimuuliza mara mbili kama anaelewa kwamba anayemtaja ni mumewe. Akasema anaelewa. Ndeti alipoitwa, hakubisha. Alikaa mbele ya afisa yule akasema, "Ni kweli. Hatukubadilishana." Na wenzake wa kazini waliomleta kituoni walisema alionekana kama mtu aliyeshushwa msalabani, kwa uchovu na kwa nafuu.

Kutoka kituoni Nzembi alipanda kwenda Mutuini. Kavindu alikuwa uani akianua nguo za watoto. Nzembi hakungoja kukaribishwa ndani. Alisimama karibu na kamba ya nguo akasema kwamba Kasyoki hakugusa usukani, kwamba Ndeti ndiye aliyeendesha, na kwamba ukweli huo sasa umeandikwa polisi. Kavindu alishika mdomo. Machozi yakamtoka, akasema, "Niliwaambia. Niliwaambia anaogopa kuendesha gari."

Angeweza kuishia hapo na kupokea kumbatio. Kavindu alikuwa ameshanyoosha mikono.

"Ngoja, dada. Haijaisha," Nzembi akasema. Akamwambia yaliyobaki. Kwamba alijua mumewe amelewa. Kwamba alikataa kupanda kwa kuogopa. Kwamba Kasyoki alimuuliza yeye, naye akamwonyesha kiti.

Mikono ya Kavindu ilishuka polepole. Akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Alikuuliza wewe?"

"Aliniuliza mimi."

"Na wewe ukawa unajua."

"Nilijua."

Kavindu alizikunja nguo zilizobaki, moja moja, akazipanga kwenye beseni. Alipomaliza akasema, "Umemsafishia mume wangu jina. Kwa hilo nashukuru. Lakini usije tena hapa, Mama Kasiva, mpaka nikuite."

Mahakama ilimpa Ndeti kifungo na kumnyang'anya leseni. Kilonzo hajawahi kumsemesha Nzembi tangu siku ya hukumu. Alipotoka mahakamani alimpita kama nguzo ya stima. Kikundi cha kanisani kiligawanyika, wengine wakisema mke mwema angefunika nyumba yake, wengine wakisema heri yeye, na wote wakiongea akiwa hayupo. Kasiva alimnunia mama yake muda mrefu, kisha siku moja akaanza tena kumwachia chai mezani kabla ya kwenda shule.

Somo la pombe Nzembi bado hulifundisha, ila lile neno la kununa hasemi tena. Siku hizi huwauliza wanaume kwanza. Anawaambia wainue mkono wale waliowahi kumcheka mwenzao kwa kuendeshwa na mkewe. Mikono huinuka mmoja mmoja, wakichekacheka, mpaka waone kwamba mwalimu hacheki.

Hufika gerezani kumwona Ndeti kila anaporuhusiwa. Huzungumza habari za Kasiva, za mguu, za mvua. Mara ya mwisho Ndeti alikaa upande wake wa wavu akikuna kidole, kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Kavindu amekuita?"

"Bado."

Ndeti akainamisha kichwa. "Akikuita, nenda," akasema. "Hata kama ni kukutukana, nenda."

"Nitaenda," Nzembi akasema. Askari jela akagonga meza kuashiria muda umekwisha, naye akainuka, akatoka nje kwenye jua.